Nyeusi Iliyokataa Kukolea

Mwaka 2011 nilichora kanga iliyoninyima usingizi. Mji wake ulikuwa mweusi tii, na juu yake nilitawanya majani mapana ya zambarau na bluu nzito, yamelaliana kama majani ya mgomba baada ya mvua kubwa. Kwenye karatasi ilikuwa imetulia. Bwana mmoja mwenye duka la jumla Kariakoo aliiona mezani kwangu, akaigonga kwa kidole mara mbili, akasema hii hii. Kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi wakati ule kikaichapa.

Wiki mbili hazijaisha, karudi. Kiti hakukitaka, maji hakuyataka. Akatandaza kata moja juu ya michoro yangu. "Dada, nyeusi gani hii? Kina mama wanaishika, wanaigeuza, wanairudisha. Wanasema imeshafuliwa."

Nikaiinamia. Alisema kweli. Ile nyeusi ilikuwa na kutu. Ilifanana na kaniki iliyoanikwa juani miezi mitatu: huwezi kusema ni kahawia, huwezi kusema ni kijivu, lakini nyeusi nayo huioni. Na ilikuwa nguo mpya, bado inanuka wanga wa kiwandani.

Basi ukaanza msako wa mchawi. Ofisi ikawaandama watu wa chumba cha rangi kwamba wamepunja dawa. Wa chumba cha rangi wakasema mashine ilikimbizwa. Wa mashine wakasema pamba ya safari hii ni mbovu. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa niliamini mchoro wangu hauna kosa.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa chumba cha rangi, mtu aliyeanza kuchanganya rangi za nguo kabla mimi sijaanza shule. Aliniita mchana mmoja, "Njoo mwanangu, na hiyo kanga yako uje nayo." Akatoa kanga nyingine iliyochapwa siku ile ile, nyekundu na njano, yenye mistari myeusi kwenye pindo. Mistari ile ilikuwa imekolea kama mkaa uliolowa. "Pipa moja," akasema. "Hii asubuhi, hiyo yako jioni." Kisha akachana karatasi mbili nyeupe, akazilaza juu ya majani yangu ya zambarau, moja kushoto, moja kulia, ukabaki mwanya mwembamba unaoonyesha weusi peke yake.

Nyeusi ikarudi. Mbele ya macho yangu. Akaondoa karatasi, ikafifia. Akazirudisha, ikakolea. Alifanya hivyo mara nne au tano bila kutamka neno, halafu akaikunja kanga na kunikabidhi. "Rangi haina ugonjwa. Majirani zake ndio wanaoila."

Tulichapa upya, safari hii kila jani nimelizungushia uzi mwembamba wa njano, na ile kanga iliuzika mpaka ikaisha. Lakini maneno ya yule mzee yalinikaa. Nilikuja kukutana nayo tena miaka kadhaa baadaye, nikisoma kwenye simu usiku umeme umekatika, na safari hii yalikuwa yanatoka Paris, kwenye karakana ya serikali ya mazulia ya kutundika ukutani iitwayo Gobelins.

Mwaka 1824 karakana hiyo ilimweka mkemia Michel Eugène Chevreul asimamie idara ya kutia nyuzi rangi. Miongoni mwa malalamiko aliyoyakuta ni kwamba nyuzi nyeusi hazina nguvu, hasa zile zilizofumiwa vivuli katika nguo za bluu na za zambarau. Akatafuta nyuzi nyeusi zilizosifika za kutoka kwingineko, akazilinganisha na za kwake, akaona hazipishani. Dawa ilikuwa nzima. Kilichoiponza nyeusi ni kilichokaa kando yake.

Bluu na zambarau! Nilisimama pale kitandani. Majani yangu yale yale, miaka karibu 190 kabla yangu, katika nyuzi za sufu.

Chevreul aliifuatilia habari hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1839 akatoa kitabu kikubwa. Kwa maneno yangu ya kiwandani, kinasema hivi: jicho likitazama bluu, lenyewe linazalisha mpinzani wake, ambaye ni rangi ya machungwa, na kumrashia jirani. Jirani akiwa mweusi, anapata ukungu wa machungwa, na weusi wenye machungwa ndani yake tunauita kutu. Ukiweka nyekundu kando ya kijani kibichi, kila moja inamrashia mwenzake kile kile alichonacho tayari, na zote mbili zinapiga kelele. Ndiyo maana kanga ya nyekundu na kijani unaiona tangu mwanzo wa mtaa.

Kitabu kile kiliandikwa na mtu wa nyuzi, na watu wa nyuzi walikihitaji, lakini walioking'ang'ania zaidi ni wachoraji. Georges Seurat aliegemea mafundisho hayo alipojenga picha zake kwa vitone katika miaka ya 1880. Kisha, kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaja mke na mume wa Paris, Sonia na Robert Delaunay, wakalichukua hata neno lenyewe la Chevreul, simultané, yaani kwa wakati mmoja, wakalifanya jina la kazi yao. Walitaka picha ambayo rangi peke yake ndiyo inayosogea, bila hadithi, bila mtu wala mti, rangi na jirani yake tu.

Humu kwenye blogu yangu nimeshawahi kuandika kuhusu dizaini za vitenge na za kanga za zamani. Leo nataka kumwandika Sonia, kwa sababu kwa maoni yangu ndiye mchoraji wa kisasa aliyekielewa kitambaa kuliko wote, na alikielewa kwa mikono kabla ya kukielewa kwa maneno.

Alizaliwa mwaka 1885 huko Ukraini ya leo, akiitwa Sara Stern, katika familia ya Kiyahudi isiyo na fedha. Akiwa bado mtoto mdogo alichukuliwa na mjomba wake tajiri wa St. Petersburg, akalelewa kwa jina la Sonia Terk, akajifunza lugha, akapelekwa Ujerumani kusoma uchoraji, kisha akahamia Paris. Mwaka 1910 akaolewa na Robert. Januari 1911 wakapata mtoto wa kiume, Charles. Na hapo ndipo penye jambo lenyewe: alimshonea mtoto blanketi la viraka.

Blanketi lile lipo mpaka leo, limehifadhiwa katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Ufaransa, pale Centre Pompidou. Picha yake nimeitazama mara nyingi kuliko picha yoyote ya mafuta. Ni dogo, mita moja na kidogo kwa sentimita 80 hivi. Nilikata karatasi ya kipimo hicho nikailaza juu ya kata ya kanga, ambayo ni kama mita moja na nusu kwa sentimita 110. Ikabaki kanga ya kutosha pande zote kumfunga mtoto mgongoni. Vipande vyake ni vya pembe nne zilizopinda kidogo na vya pembe tatu, krimu, waridi, kijani cha mizeituni, damu ya mzee, na hapa na pale kipande cheusi kinachokushika jicho. Hakuna safu iliyonyooka. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikuwa anafuata mablanketi aliyoyaona katika nyumba za wakulima wa Urusi, na kwamba lilipokamilika ndipo likaonekana kuwa na sura ya kubizimu, ule uchoraji wa kuvunjavunja maumbo uliokuwa umeshika Paris wakati huo. Baada ya hapo, anasema, wakajaribu njia ile ile katika vitu vingine na katika picha.

Angalieni tarehe. Blanketi ni la 1911. Picha za madirisha za Robert, zile zinazotajwa kila mahali kuwa mwanzo wa rangi kujitegemea, ni za 1912, na picha zake za miduara zikafuata. Vitabu vingi nilivyosoma vinaanza na mume na nadharia, halafu vinamleta mke akiipeleka nadharia hiyo kwenye mito na mapazia. Mimi nayaona mambo kinyume chake. Sindano ilitangulia.

Na sababu naijua, kwa kuwa bibi yangu wa Tanga alikuwa na mazoea hayo hayo. Fundi cherehani wa jirani alimwekea vipande kwenye mfuko wa sukari, naye alivishona foronya. Alikuwa anaviweka mkekani kwanza, hashoni. Anakaa, anavitazama, anahamisha kimoja. Anaondoka kwenda kupepeta mchele, anarudi, anahamisha kingine. Nikimwuliza kwa nini ametoa kile kizuri chekundu, anajibu, "Mjukuu wangu, hicho kinamwonea mwenzake." Hilo ndilo somo ambalo rangi ya mafuta haikulazimishi kulisoma. Ukiwa na mafuta, rangi isipokubali unaichanganya, unailainisha, unaiyeyusha ndani ya nyingine mpaka ipatane. Kipande cha kitambaa huwezi kukiyeyusha. Kimekuja na rangi yake kutoka dukani. Uwezo wako wote umebaki mahali pamoja tu: nani akae karibu na nani.

Mwaka 1913 Sonia akashona gauni kwa njia hiyo, vipande vya vitambaa vya aina mbalimbali, vingine vinang'aa na vingine vinameza mwanga, akalivaa kwenda kucheza dansi katika ukumbi wa Bal Bullier. Hilo gauni nalipenda kwa sababu nyingine. Picha ya ukutani ukiimaliza imekwisha. Gauni halijaisha mpaka mtu aliingie na kugeuka. Kipande kilichokuwa mbali na mwenzake kinamkaribia mkono ukiinuka, kinajificha ukishuka. Majirani wanabadilika usiku kucha. Dizaini ya namna hiyo huwezi kuikagua ikiwa imelala mezani.

Kisha yakaja mapinduzi ya Urusi ya 1917. Wakati huo familia ilikuwa imekwama Uhispania na Ureno kwa sababu ya vita, na Sonia aliishi kwa kodi za nyumba za St. Petersburg. Kodi zikakatika. Akafungua duka la mavazi na mapambo ya nyumba Madrid, akachora mavazi ya jukwaani kwa ajili ya kundi la dansi la Ballets Russes, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa akileta chakula mezani, mume akiendelea na picha. Waliporudi Paris, kampuni moja ya hariri ya Lyon ikamwagizia michoro 50 mwaka 1923. Mwaka 1925, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo ya Paris, alikuwa na duka lake juu ya daraja la Alexandre III, pamoja na mshonaji Jacques Heim. Duka la Metz la Amsterdam lilinunua michoro yake kwa miongo kadhaa.

Kati ya kazi za miaka hiyo kuna moja ambayo watu wanaipita haraka, na mimi naomba tukae hapo kidogo. Alibuni kitambaa kilichochapwa dizaini na mkato wa gauni kwa pamoja. Yaani badala ya kiwanda kuchapa mita mia za maua yale yale halafu fundi akate anavyojua, kitambaa kinatoka mashineni kinajua tayari shingo itakuwa wapi, pindo litaishia wapi, na mapambo yamewekwa kufuata hayo. Mwaka 1927 alitoa mhadhara katika chuo kikuu cha Sorbonne juu ya athari ya uchoraji katika mavazi.

Msomaji wa Kiswahili ameshaona ninakoelekea. Kanga ndivyo ilivyo! Kitenge unakipima kwa mita, unakikata popote, maua yanaendelea kujirudia. Kanga inatoka mashineni ikiwa nguo kamili: pindo limezunguka pande nne, mji upo katikati, jina limekaa chini juu ya pindo, na mwenye kuinunua anakata tu katikati ya doti na kukunja ncha. Mchoraji wa kanga lazima ajue tangu kwenye karatasi kwamba nguo ikifungwa kiunoni jina litaangukia nyuma, kwamba kona mbili zitakutana mbele na kulaliana, kwamba ikitupwa kichwani pindo ndilo litakaloizunguka sura. Tumekuwa tukichora hivyo tangu enzi za bibi zetu, na hakuna aliyetualika kutoa mhadhara.

Kuna mfano wa upande wa pili, nao umenifundisha pia. Kila mtu anazijua picha za Piet Mondrian wa kundi la De Stijl la Uholanzi: mistari myeusi iliyonyooka, miraba ya nyekundu, bluu na njano, na uwanja mweupe. Mondrian alifariki New York mwaka 1944. Mwaka 1965 mshonaji Yves Saint Laurent akazigeuza kuwa magauni, na magauni hayo yakawa maarufu sana. Ushonaji wake ni wa hali ya juu, nasema hivyo bila kusita: kila mraba ni kipande chake cha sufu, na mikato ya kuufuata mwili imefichwa ndani ya mishono ya gridi ili mstari uonekane umenyooka juu ya kifua kisichonyooka. Lakini tazameni kilichofanyika. Mwili umeombwa utulie uwe ukuta. Sonia aliuomba mwili ucheze. Mimi nikichagua, najua naenda upande gani.

Wakati Sonia anahangaika na hariri za Lyon, wanawake wawili wachoraji walikuwa wanaingia kiwandani Moscow, na habari yao kila nikiisoma najiona ndani yake.

Lyubov Popova na Varvara Stepanova walikuwa katika kundi la konstraktivizimu, wasanii wa Urusi waliotaka sanaa ijenge vitu vya kutumika. Septemba 1921 walishiriki maonyesho yaliyoitwa 5x5=25, wasanii watano, kila mmoja kazi tano. Humo Alexander Rodchenko, mume wa Stepanova, alitundika turubai tatu, moja nyekundu tupu, moja bluu tupu, moja njano tupu, kwa maana kwamba picha ya kutundika imefika mwisho. Baada ya hapo wengi wao wakaapa kuacha picha za ukutani na kutengeneza vitu vya kutumika. Wengi waliishia kwenye maneno. Hawa wawili walienda kweli, kati ya 1923 na 1924, katika Kiwanda cha Kwanza cha Serikali cha Kuchapa Vitambaa vya Pamba. Popova alikuwa binti wa mfanyabiashara tajiri wa nguo, kwa hiyo pamba haikuwa kitu kigeni kwake.

Kiwanda kilikuwa kimezoea maua. Wao wakaleta rula na bikari: miduara, mistari, miraba inayopishana. Mara nyingi walitumia rangi moja au mbili tu, na ya tatu ikawa weupe wa kitambaa chenyewe. Mtu asiyejua kazi hii ataona umaskini. Aliyekaa kiwandani anajua kwamba kila rangi ina skrini yake au rola yake ya kuchapia, ina gharama yake, na ina nafasi yake ya kukosea, maana skrini ya pili ikisogea hata milimita mbili ua linatoka na kivuli kisicho chake. Mchoraji anayekupa nguo iliyochangamka kwa rangi mbili amekufanyia kazi kubwa. Stepanova alichora michoro zaidi ya 150, na iliyochapwa ni dazani mbili hivi.

Kinachonigusa zaidi ni madai yao. Waliuambia uongozi kwamba hawataki kukaa pembeni na kuleta karatasi. Walitaka waingie kwenye maamuzi ya uzalishaji, waingie maabara ya rangi, wazungumze na washonaji na wanaouza. Nilipolisoma hilo nilikumbuka miaka yangu mitatu ya mwanzo, ambapo mimi na wenzangu tulikuwa ghorofa ya juu na chumba cha rangi kipo chini, na haikuwa kawaida sisi kushuka. Karatasi ilishuka, nguo ikapanda. Kama ningekuwa nashuka, yule mzee angeniambia habari ya zambarau kabla hata skrini haijachongwa.

Popova alifariki Mei 1924 kwa homa ya vipele vyekundu, siku chache baada ya mwanawe mdogo kufa kwa ugonjwa huo huo. Alikuwa na miaka 35. Inasimuliwa kwamba alisema hakuna sifa ya kisanii iliyowahi kumpa furaha kama kumwona mwanamke wa kijijini akinunua kitambaa chake ili ashone gauni. Mimi naamini alisema. Ni jambo ambalo hulitungi kama hujasimama dukani na moyo unadunda, mwanamke asiyekujua ameshika kazi yako, anaikunjua, anaitazama kwenye mwanga wa mlangoni, anauliza bei.

Habari za Bauhaus, ile shule ya sanaa ya Ujerumani, zinajulikana zaidi, sitazirefusha. Wanawake wengi waliofika pale wakitaka uchoraji walielekezwa kwenye ufumaji. Anni Albers alikuwa mmoja wao, na ufumaji haukuwa chaguo lake la kwanza. Lakini kwa ajili ya stashahada yake ya 1930 alifuma kitambaa cha ukuta wa ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi kule Bernau, upande mmoja una selofani, ile karatasi angavu inayong'aa, inayorudisha mwanga, upande wa pili unameza mwangwi. Hiyo nayo ni dizaini iliyoanza kwa kuuliza kitambaa kitafanya kazi gani, na uzuri ukaja humo humo.

Niliwahi kupeleka kanga zangu sita kwenye maonyesho ya sanaa hapa mjini. Nilizipiga pasi, nikazikunja vizuri, nikaandika maelezo ya kila moja. Aliyekuwa anachagua kazi alizigusa kwa ncha za vidole na kuniambia kwa upole kabisa kwamba hapo wanapokea wasanii, na kazi hizi ni za biashara. Ule upole ndio ulioniuma. Nilibeba mfuko wangu mpaka kituoni bila kuona njia. Siku hizo sikujua kwamba mwaka 1964, Sonia akikaribia miaka 80, kazi zake na za mumewe zilionyeshwa katika makumbusho ya Louvre, Paris, na kwamba ndiye mwanamke wa kwanza aliye hai kupata heshima hiyo pale. Laiti ningejua ningemwambia. Ningemwambia pia kwamba yule mama wa miaka ya 1920 aliyenunua skafu ya Sonia hakuuliza kama ni sanaa au ni biashara. Aliivaa.

Siku hizi najitegemea, nachorea kwenye kompyuta, na kompyuta imenirahisishia mengi. Lakini skrini ya kompyuta ni laini mno, inaonyesha kila rangi ikiwa imewashwa taa kwa nyuma, na hakuna nguo yenye taa kwa nyuma. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Nachapisha mchoro kwenye karatasi kubwa kwa vipande, naviunganisha kwa gundi, halafu naifinyanga ile karatasi kwa mikono miwili mpaka ilainike. Namfunga binti yangu kiunoni, namwambia tembea mpaka mlangoni urudi, kaa, inuka. Natazama nani anakutana na nani kwenye mikunjo. Mwezi uliopita niliona pindo la mistari ya mshazari, likikutana mbele, linatengeneza mdomo wa samaki ambao mezani haukuwapo kabisa. Nikauacha. Nikauongezea na jicho.

Na karatasi mbili nyeupe za yule mzee ninazo. Nimezikata upya mara nyingi, zinachafuka. Kila rangi nisiyoielewa naitengea mwanya kwanza, niione ikiwa peke yake, kisha nawarudisha majirani mmoja mmoja.

Mdogo wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao. Nina mfuko wa vipande vya majaribio nilivyovitunza tangu kiwandani, na juzi nilivimwaga mkekani kama bibi. Kipande kimoja ni cha ile kanga ya 2011, ile ya mwanzo kabla ya uzi wa njano. Nilikata sehemu ya weusi tu, pembe nne zilizopinda kidogo, nikaiweka kando ya krimu. Haikuniridhisha. Nikaihamishia kati ya njano ya embe na kipande cha damu ya mzee, nikaenda jikoni kuangalia maharage. Niliporudi, jua la saa kumi lilikuwa limefika mkekani, na ilikuwa nyeusi tii.